Matembezi ya msituni au siku ya kijiji ufukweni? Kwa mtu wa Tanga mwenye Jumamosi moja

Kila shule zinapokaribia kufungwa napigiwa simu ileile. Mzazi ana watoto watatu nyumbani, mwalimu mwenzangu ana klabu ya Malihai, ile ya uhifadhi shuleni, yenye wanafunzi ishirini na tano, vijana wa Sahare wamechangishana nauli. Swali lao ni moja: mwalimu, tuende wapi tukajifunze habari za wanyama na misitu hapahapa kwetu, bila kufunga safari ya Serengeti?

Majibu yapo ya namna mbili, na watu huyachanganya. Kuna matembezi ya kuongozwa: mnaingia msituni au pangoni na mwongozaji, mnakwenda taratibu, mnaonyeshwa. Halafu kuna siku ya jamii: kijiji au kikundi kimeitisha watu waje kupanda mikoko, kusafisha ufukwe, kuhesabu ndege, au kuwasindikiza watoto wa kasa baharini. Zote njema, lakini kila moja ina kazi yake. Ukimpeleka mtu kwenye ile isiyomfaa, anarudi nyumbani na uchovu tu.

Tanga tunaambiwa "waja leo waondoka leo". Mgeni wa msituni naye ni hivyo hivyo, asubuhi kaingia, jioni keshaondoka. Kwa sababu hiyo napima kila safari kwa jambo moja: sisi tukishaondoka, yule anayebaki pale na mnyama, mkulima wa Amani au mvuvi wa Ushongo, anabaki na nini mkononi? Nimekuwa nikiuliza hivyo kwa miaka kumi na moja ya kuzunguka na wanafunzi.

Amani: unalipia macho

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko wilayani Muheza, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Ilitangazwa mwaka 1997, ina ukubwa wa zaidi ya hekta 8,000, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Humo ndani imo bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kutoka mjini unapanda gari la Muheza, halafu unatafuta la Amani linalopanda mlima kupitia lango la Zigi. Kiangazi safari ni nzuri. Masika tope lina mambo yake, na nimewahi kushuka na wanafunzi tukasukuma gari mpaka viatu vikabaki ardhini.

Msitu wa namna hii haufanani na mbuga. Hakuna kundi la nyati linalokungoja barabarani. Ukiingia peke yako utasikia hondohondo, maana mabawa yao yanavuma juu ya miti hata mtu wa chini anainua kichwa, na ukibahatika utawaona mbega weusi wenye mikia myeupe. Zaidi ya hapo utaona majani tu, na utarudi ukisema Amani hakuna kitu.

Siku moja tukiwa kwenye njia ya kupandia kilima cha Mbomole, mwongozaji wetu, kijana wa kijiji cha jirani, alisimama ghafla na kuinua kiganja. Nikawanyamazisha watoto. Pale alipokuwa anatazama niliona majani makavu na mzizi wa mti, basi. Kisha tukasikia: chaku, chaku, chaku, kama kuku anayechakura, ila polepole zaidi. Akatoka mnyama wa ukubwa wa sungura mdogo, miguu myembamba kama vijiti, mgongo mweusi, ubavu wa rangi ya kutu, na pua ndefu iliyokuwa ikicheza kushoto na kulia kama inayosoma maandishi chini. Alikuwa sange. Alisimama, akapiga mkia chini, akapotea.

"Kaka, yule ni panya?" mwanafunzi mmoja akauliza.

"Hapana. Watu humdhania panya. Lakini ukifuata ukoo wake, tembo ni ndugu yake wa karibu kuliko panya."

Ubishi wa jambo hilo uliendelea mpaka tukafika Muheza. Sayansi iko upande wa kijana: uchunguzi wa vinasaba umewaweka sange, tembo na nguva katika ukoo mmoja mkubwa uliozaliwa Afrika.

Ndiyo maana nasema Amani unalipia macho ya mtu. Yeye ndiye anayejua jiwe gani lenye unyevu linaota lile ua dogo la zambarau la Usambara. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa eneo hili, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao Ujerumani, likapewa jina la Saintpaulia, na leo vizazi vyake vinauzwa kwenye vyungu vya madirishani dunia nzima huku kwao porini yakiwa yamebaki machache. Yeye ndiye atakayekutajia chura mdogo wa huku ambaye hatagi mayai majini, anazaa watoto waliokamilika. Yeye ndiye atakayemtambua kwa mlio tu ndege mshonaji mwenye mdomo mrefu, ambaye nje ya Usambara Mashariki anajulikana sehemu moja tu, kaskazini mwa Msumbiji. Na mkilala huko, ombeni matembezi ya usiku. Kinyonga akilala rangi yake hupauka, mwanga wa tochi unamnasa juu ya tawi kama kipande cha karatasi. Mchana ungempita mara kumi bila kumwona.

Kwa mtoto wa mjini kuna somo jingine ambalo mimi husubiri tufike kwenye daraja la Mto Zigi ndipo nilifundishe. Maji haya yanateremka mpaka bwawa la Mabayani, na kutoka Mabayani yanaingia kwenye mabomba ya Tanga. Nikishasema hivyo huwa nanyamaza. Wapo wanaochungulia mtoni kana kwamba wameona ndoo ya nyumbani kwao.

Sasa, anayebaki anapata nini? Mwongozaji anapata ujira wake siku ileile, mama lishe anauza chakula, mkulima anauza iliki na mdalasini. Ni pesa halali lakini ni ndogo, na inategemea wageni. Vijiji vya huku vilishaonja kipato kizuri zaidi. Tangu mwaka 2003 wakulima walikuwa wakifuga vipepeo na kuuza pupa, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya kifuko kabla hawajatoka, kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani, na kwa kuwa kipepeo anahitaji mimea ya msituni, mfugaji alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuulinda msitu. Mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, soko lile likakatika. Tangu hapo mimi sioni kiingilio cha mgeni wa ndani kama jambo dogo.

Upungufu upo. Nauli ya kundi ni nzito, mlima unawachosha watoto walio chini ya miaka saba, na yule anayetaka kufanya kazi kwa mikono yake atabaki mtazamaji. Kundi likiwa kubwa pia halioni kitu. Mimi sizidishi wanafunzi wanane kwa mwongozaji mmoja, hata kama langoni wanasema ishirini wanaruhusiwa. Kabla ya kukubaliana naye, muulize: ndege unawajua kwa sauti? Njia hii umeipita lini mara ya mwisho? Mwongozaji wa kweli hulifurahia swali hilo.

Ushongo: kasa na waliomlinda

Ukitoka Tanga kwa barabara ya pwani unafika Pangani mjini, unavuka mto kwenda ng'ambo ya Bweni, halafu unashuka kusini mpaka Ushongo. Mbele yake, baharini, kuna Maziwe. Kisiwa hicho kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, na wakati huo kilikuwa na mivinje na mchanga wa kutosha kasa kutagia. Miti ikaisha, bahari ikala mchanga, na leo Maziwe ni fungu ambalo maji yakijaa linazama. Kasa hawajui habari hiyo. Bado wapo wanaopanda kutaga palepale mama zao walipotagia, na mayai yakiachwa hapo yanakufa maji. Basi walinzi wa viota huyafuata, huyafukua kwa uangalifu na kuyazika tena ufukweni Ushongo, juu ya alama ya maji makuu.

Kiota kimoja cha kasa kinaweza kuwa na mayai mia moja na zaidi, na huchukua takriban siku hamsini mpaka sitini kutotoa. Mlinzi ameandika tarehe, kwa hiyo siku zikikaribia watu huitwa kuja kushuhudia. Kazi hii shirika la Sea Sense limeifanya na vijiji vya pwani kwa miaka zaidi ya ishirini: anayeripoti kiota hupata malipo, na mchango wa mgeni anayekuja kutazama sehemu yake hubaki kijijini.

Niliwapeleka wanafunzi kumi na wawili. Tulikaa mchangani saa kumi na moja jioni, kimya, nyuma ya kamba, mbele ya mzee mlinzi wa kiota.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wanangu. Simu zote zimeni mwanga. Na kuanzia hapa mpaka majini mtu asipite."

Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha mchanga katikati ya duara ukaanza kubonyea, kama unga unaochotwa kwa chini. Kikatokea kichwa kimoja cheusi, kisichozidi ncha ya kidole gumba, kikatulia. Dakika kadhaa. Halafu mchanga wote ukachemka: magamba, mapezi, vichwa, wanapandiana, wanateleza, wakaanza kuteremka kuelekea mwanga wa bahari. Mmoja alipinduka kwenye alama ya unyayo, akawa anapiga mapezi hewani. Binti mmoja akanyoosha mkono.

"Mwache, mwanangu. Ageuke mwenyewe. Njia hii ndiyo atakayoikumbuka."

Akageuka. Binti yule alilia, na mimi sikumkataza.

Baadaye babu alituambia kwamba ujana wake wote alikuwa akifukua mayai ya kasa na kuyala, na nyama yake wakigawana kijijini. Alisema bila kuficha na bila kujitetea. Alisema pia kwamba inakadiriwa ni mmoja tu katika elfu atakayekua mpaka arudi kutaga, na akirudi itakuwa miaka ishirini, thelathini kutoka leo. "Mimi sitakuwepo. Nyinyi mtakuwepo."

Hapa ndipo Ushongo inapoishinda Amani kwa kipimo changu. Pesa ya mgeni inamfikia mtu aliyekuwa na uwezo wa kumuua mnyama akaamua kumlinda. Na tukio lenyewe ni vyote viwili kwa pamoja: unaongozwa kama kwenye matembezi, na umekaa na wenyeji kama kwenye siku ya kijiji.

Lakini huwezi kuipangia tarehe. Kasa hutaga zaidi kuanzia karibu na Februari hadi Julai, na siku ya kutotoa inajulikana kwa makisio tu. Unaweza kufika ukaambiwa walitoka jana usiku. Mwenye ratiba ya kazi isiyopinda, au mwalimu anayehitaji barua ya ruhusa wiki tatu kabla, atateseka. Na jua kwamba mayai yakichelewa, hakuna anayeruhusiwa kuchimba ili mgeni aone. Ukiona mahali wanafukua kwa ajili ya picha, ondoka.

Mikoko, taka na ndege wa chumvini

Siku za jamii zilizo karibu na mjini ndizo rahisi kuliko zote. Bajaji mpaka Sahare au Mwambani, glovu, chupa ya maji, basi. Tarehe zake zinajulikana: 1 Aprili ni siku ya taifa ya kupanda miti, 5 Juni ni siku ya mazingira duniani, na Jumamosi ya tatu ya Septemba ni usafi wa fukwe duniani kote.

Kuhusu kupanda mikoko lazima niseme lililonikuta. Tulialikwa na kikundi kimoja, tukavishwa fulana, spika zikapigwa, tukachomeka miche ya mkoko kwenye tope la wazi ambako hapakuwahi kuota mkoko. Kulikuwa na majani ya bahari pale, tukayakanyaga. Niliporudi baada ya miezi michache nilikuta vijiti vimelala, vimejaa chaza wadogo. Wanafunzi wangu waliiona, na maswali yao sikuwa na jibu lake. Mikoko ina mpangilio: mlilana husimama mbele kuelekea maji, mkoko unafuata kwenye tope, mkandaa unakaa nyuma kwenye ardhi inayofikiwa na maji makuu. Ukiupanda mmoja mahali pa mwingine umeua miche na umeharibu malisho ya samaki. Mara nyingi mikoko iliyokatwa hurudi yenyewe, ikiachwa tu na maji yakiwa yanapita vizuri.

Kwa hiyo ukialikwa, uliza maswali mawili. Mwaka jana mlipanda wapi? Twendeni mkanionyeshe. Wakikupeleka na ukaona miche imesimama, wape nguvu zako zote. Wakianza kuzungumzia fulana, kaa nyumbani.

Usafi wa ufukwe hauna hatari hiyo. Kinachonishangaza ni kwamba watu huudharau. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na tukihesabu tunachookota, kiganjani unabaki ukweli kuhusu mtaa wako: vizibo vya chupa, vipande vya nyavu, ndala za mguu mmoja. Tena kuanzia Kigombe mpaka Mafuriko unaokota taka ndani ya hifadhi. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilitangazwa mwaka 2009, baada ya wavuvi wa Tanga kuanza kuwatoa kwenye majarife yao samaki wale wa kale ambao sayansi iliwahi kuamini wametoweka. Silikanti hutamwona, yuko chini sana. Lakini nyavu iliyokatika na kuelea ikiua, hiyo unaweza kuitoa.

Kosa la waandaaji wengi ni kusahau maji. Wanaweka saa mbili asubuhi kwa sababu ni saa ya ofisi, watu wanafika bahari imejaa mpaka kwenye mizizi. Siku ya ufukweni hupangwa kwa kufuata mwezi wa angani. Tazama bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, uliza mvuvi maji yanakupwa saa ngapi, ndipo uandike tangazo.

Kuhesabu ndege ni kwa wavumilivu. Januari ni mwezi wa kuhesabu ndege wa majini katika nchi nyingi, na wakati huo vitwitwi waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia wamejaa kwenye tope la ghuba na mashamba ya chumvi ya Kibo, kaskazini mwa mji. Darubini moja kwa watu watatu inatosha. Kijana anayependa hesabu na kimya atapata raha kubwa. Mwenye kutaka kelele, usimpeleke.

Amboni na Saadani, kwa ufupi

Mapango ya Amboni, kilomita nane hivi kutoka mjini, ni matembezi ya kuongozwa ya bei ndogo na ya nusu siku. Mwongozaji na tochi, mawe ya chokaa, popo, na habari za mizimu inayoheshimiwa humo. Kwa mtoto wa darasa la tatu hayana mfano. Kwa uhifadhi wa wanyama, zungumzia popo na wadudu ambao popo huwala, maana mwongozaji asipoulizwa atakaa kwenye hadithi.

Saadani ni hifadhi ya taifa inayogusana na bahari. Unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na askari mwenye silaha, na kwenda kwa mashua Mto Wami kuwatazama viboko na mamba. Ni nzuri sana, lakini gari, kulala na ada vinaifanya iwe safari ya mwaka, wala si ya Jumamosi.

Ukiyaweka bega kwa bega

Kwa fedha, usafi wa ufukwe hauna mpinzani, Amboni inafuata, kisha Ushongo, na Amani ya kulala usiku mmoja ni ghali zaidi kwa sababu ya usafiri. Ada za hifadhi za serikali kwa Mtanzania ni ndogo kuliko za mgeni wa nje, na hulipwa kwa namba ya malipo kupitia simu. Mtu akikuomba noti langoni bila stakabadhi, pesa hiyo haiufikii msitu.

Kwa msimu, Amani naipenda Juni mpaka Septemba, na tena Januari na Februari, njia zikiwa kavu. Ushongo piga simu kuanzia Aprili. Ufukwe wa karibu ni mwaka mzima.

Kwa kujifunza, hakuna linaloifikia Amani. Mtoto akitoka pale ameshajua kutazama, na ujuzi huo anakuja nao mpaka kwenye mwembe wa nyumbani. Siku ya jamii humfundisha jambo tofauti: kwamba kuna watu wazima, wavuvi na akina mama wa sokoni, wanaotoa Jumamosi yao kwa ajili ya kiumbe ambaye hawamli. Mtoto aliyeanza na siku ya jamii bila kujua kutazama huona taka na tope tu. Ndiyo maana kwa klabu changa naanza na matembezi, hata kama ni ya Amboni, halafu ndipo naleta glovu.

Basi ukiniuliza leo: mzazi mwenye watoto wadogo, Amboni asubuhi na ufukwe mwezi unaofuata. Mwalimu mwenye klabu na mwezi mmoja wa kuchangisha, Amani usiku mmoja, wanafunzi wanane kwa mwongozaji. Kijana anayejiuliza kama hii inaweza kuwa kazi yake, nenda ukahesabu ndege Januari, kaa karibu na wanaojua. Na yeyote mwenye ratiba inayoweza kusogezwa, ambaye mwaka huu anaweza kwenda mahali pamoja tu, aende Ushongo. Aache namba yake kwa walinzi wa viota, awe na begi tayari mlangoni, na wakimwambia "njoo kesho", aje kesho. Achukue kanga ya kukalia, tochi aiache nyumbani, na afike kabla ya saa kumi na moja, maana kasa wa kwanza akitoa kichwa hakuna tena ruhusa ya kupita mbele.